Nyumba Iliyong'olewa Milango

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na sijapata kuona akili nyingi zikifanya kazi ndogo kiasi kile. Miaka ile ya tisini tulikuwa tunanunua nyumba ya mawe mjini Homa Bay, tutoke kwenye chumba cha kupanga ambamo watoto walilala chini ya meza. Bei tulishamaliza kulipa, na wakili alishakula chake. Kilichobaki ni ushuru wa stempu, ule wa serikali wa kuhamisha hati, ambao nilikuwa nimeuweka tayari kutokana na mitumba niliyouza Rongo.

Bwana hesabu hakutaka ushuru ulipwe wote. Mthamini wa serikali ndiye angekuja kuikagua nyumba kabla ya kusema tulipe ngapi, kwa hiyo mpango ukawa kuifanya ionekane gofu.

"Tung'oe milango na madirisha," aliniambia. "Valuer akikuta matundu tu, ataandika bei ya chini."

"Na tukikosa kuyarudisha?"

"Nyar Kuria, wewe uza nguo. Hizi vitu za ardhi hujui."

Aliniita hivyo, binti wa Wakuria, kila alipotaka kunikumbusha kwamba kwetu ni Kehancha, si huku kwao.

Muuzaji, mzee mmoja wa Kendu Bay, alikubali mara moja. Hata lori alilikodi yeye. Milango ya mvule na fremu za madirisha, pamoja na vioo vyake, vyote vikaenda kwake kuhifadhiwa. Ili karatasi zisipingane na mambo, mume wangu akamfanya wakili auandike mkataba upya, kwamba nyumba inauzwa bila milango wala madirisha. Alijisifu kwa hilo wiki nzima. Mimi nikarudi kwenye mitumba yangu, maana kuna ujinga ambao ukijaribu kuuzuia unajichosha bure.

Mthamini alipokuja hakuingia hata ndani. Alisimama nje, akatazama barabara, akatazama maduka ya jirani.

"Hapa karibu na lami ni ploti ndiyo iko na bei," alisema. "Milango ni kazi ya fundi ya wiki moja."

Ushuru ukaja mzima. Nilitoa noti zangu za mitumba kwenye dirisha la malipo la ofisi ya ardhi huku bwana hesabu akisoma bango la ukutani kwa makini ya ajabu.

Tulipokwenda Kendu Bay kuchukua vitu vyetu, tulikuta milango imeshafungwa bawaba kwenye nyumba mpya ya mzee, tena imepakwa rangi ya kijani.

"Mwalimu, si agreement unayo?" mzee alisema kwa upole. "Soma tu. Mimi nilikuuzia nyumba haina milango."

Akasoma. Mtu mzima mwenye chaki kwenye kola, anasoma maneno yake mwenyewe akitafuta kosa la mwingine. Nilimdharau mzee kwa wizi wake, lakini yeye angalau alipata milango.

Mvua zilikuwa zinakaribia, na mwenye chumba alishapata mpangaji mwingine. Tulihama hivyo hivyo, tukaziba madirisha kwa magunia. Pesa iliyonibakia ilitosha mlango mmoja. Fundi alipouliza auweke wapi, mume wangu alinitangulia.

"Mbele, wapi kwingine?"

Nilimwonyesha fundi chumba cha kulala. Nikaingiza watoto na magodoro, nikafunga mlango, ufunguo nikaufundika kwenye pindo la leso, na sebule nikamwachia mwalimu ailinde kwa akili zake.