Kalamu za Mloliondo za Kaka Hermani

Kaka yangu Hermani alikuwa fundi wa kalamu. Si wa milango wala vitanda, wa kalamu. Pale kwetu Tumati, wenzake wakihangaika na mahindi na ng'ombe, yeye alijifungia kwenye karakana yake akichonga vijiti vya mloliondo, mti mgumu wa msituni kwetu, na kuvitoboa katikati. Springi alizisokota mwenyewe kwenye msumari, kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Kitufe kilikuwa cha pembe ya ng'ombe. Ukibonyeza, ta, ncha inatoka na kukaa imara. Ukibonyeza tena, ta, inarudi. Hazikukwama hata siku moja, hilo sitamnyima.

Ndani alitia mirija ya wino aliyoichomoa kwenye kalamu za dukani. Basi, miaka ile ya Ujamaa bidhaa zikaadimika, duka la kijiji likabaki na viberiti na chumvi. Mtu mwenye akili angeacha. Kaka yangu akaendelea, akitia mirija iliyokwisha wino, na kila mnunuzi aliambiwa eti wino umeganda kwa baridi ya kwetu, utashuka wenyewe. Wakaamini, au walijifanya kuamini. Wakubwa wetu hawakuwa na haja ya kuandika, walitaka mfuko wa shati uonekane. Balozi wa nyumba kumi anayo, karani anayo, kamanda wa mgambo anayo. Mkutanoni ilikuwa ta, ta, ta, hata hoja huisikii.

Ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya kule bondeni. Fundi aliruhusiwa kubaki penye karakana yake, mradi awe na barua yenye sahihi ya mwenyekiti. Hermani alikuwa radhi afe kuliko kuiacha karakana ile. Mwalimu Felician akamwandikia barua, kisha akaenda zake likizo na kalamu yake, pengine ya mwisho yenye wino pale kijijini.

Mwenyekiti wetu Joakimu, mtu wa tumbo na maneno mengi, akaisoma barua mbele ya mkutano, akasema fundi huyu ni fahari yetu. Akatoa kalamu ya mloliondo mfukoni, ta, akachora sahihi ndefu yenye mikia. Karatasi ikabaki nyeupe vilevile. Aliona, macho yalimtoka. Akaikunja haraka, akampa Hermani, akaanza yeye kupiga makofi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaka. "Mwambie haijaandika," nikamnong'oneza.

"Getruda, niseme hivyo mbele ya watu wote walionunua?"

Akaitia barua mfukoni, akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Siku ya lori la kutuhamisha ikafika. Mimi nilikuwa nimeshapanda na vyungu vyangu, nikayaona yote. Kamanda Akonaay aliikunjua barua, akaigeuza huku na huku. "Fundi, sahihi iko wapi?"

"Kalamu ilinichezea siku ile," akasema Joakimu. "Nasaini sasa hivi."

Ta. Hakuna kitu. Kamanda akatoa yake, ta. Balozi, ta. Karani, ta. Wanaume wazima wakazipulizia, wakazisugua viganjani, wakazibana kwapani zipate joto. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikamwona Hermani alivyosimama, nikaacha. Mtoto mmoja alileta penseli, kamanda akaikataa, sahihi ya serikali ni ya wino. Nikapaza sauti nikasema mwenyekiti ajipake masizi ya chungu changu, aweke dole gumba. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. Dole gumba ni la wasiojua kusoma, na yeye ni mtu mkubwa, hata kama kaka yangu anafukuzwa kwake.

"Basi fundi, panda," akasema kamanda, akarudisha kalamu mfukoni na kitufe kikionekana vizuri.

Mgambo wakang'oa mbao za karakana, wakazirusha miguuni petu. Hermani akapanda, akakaa juu ya mbao hizo. Tulipofika chini ya mteremko akanigeukia.

"Lakini umesikia, Getruda. Hakuna hata moja iliyokwama."

Nikavikumbatia vyungu vyangu kwa mikono miwili. Ningeviachia, ningemzaba kofi.