Majina ya Nyoka kwa Kizungu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita, juu kidogo ya Lushoto, bibi yangu aliumwa na nyoka mkononi alipokuwa akichomoa kuni nyuma ya jiko. Hilo halina ubishi. Kila aliyekuwapo alilithibitisha. Wote walikubali pia kwamba siku mbili kabla, nilikuwa nimewataja nyoka kwa sauti pale uani. Ubishi ulihusu kama mambo hayo mawili yaliungana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Mitumba ilifurika gulioni, na Kiingereza, ambacho wazee wetu walikiachia maofisi, kikaanza kutafutwa na kila mzazi. Baba mdogo, aliyekuwa akinilea, aliniletea kitabu cha maneno na picha alichokikuta katikati ya rundo la makoti. Nilimsomea Bibi ukurasa wa nyoka huku akichambua maharage.

"'Serpent' ni nyoka, hasa yule wa kwenye Biblia. 'Viper' ni nyoka wa sumu, na pia mtu msaliti. 'Fang' ni jino lake la sumu. 'Puff adder' ni kifutu."

"We mtoto, huyo hatajwi nyumbani, ataitika. Sema kamba."

"Bibi, hiki ni Kizungu. Nyoka wa huku hawakijui."

"Hata wewe juzi ulikuwa hukijui," akasema akicheka. "Si umejifunza?"

Nikacheka naye, nikasoma hadi mwisho wa ukurasa.

Siku ya kuni nilisimama nyuma ya Bibi na ungo wangu wa vibanzi. Nilimwona nyoka: mfupi, mnene, mgongoni ana michoro ileile ya kitabuni. Bibi alirudisha mkono, akasema tu, "Kamba imenigusa."

Baba mdogo alipofika alinigeukia. "Haya, umeridhika? Endelea kuwaita."

Zahanatini tabibu alitoa chupa moja. "Dawa hii si ya kila nyoka, na yenyewe inaweza kumdhuru mama huyu. Nikijua ni nyoka gani, naichoma sasa hivi. Nani amemwona?"

"Hakuna," akajibu Baba mdogo.

Jina nilikuwa nalo mdomoni kwa lugha mbili. Niliogopa kwamba nikilitamka tena, Bibi atakufa. Nikanyamaza. Tabibu akangoja dalili. Alipoichoma ile dawa, alasiri, uvimbe ulikuwa umevuka kiwiko. Bibi alipona, lakini vidole viwili vilikatwa.

Shtaka kwamba nilimwita nyoka nimelichunguza mara nyingi, na sioni ushahidi. Panya walifuata mahindi ya jikoni, kifutu akafuata panya. Shtaka la kunyamaza ni zito zaidi. Tabibu alisema dawa ingewahi, labda vidole vingebaki. Nimeona kesi zikifutwa kwa labda ndogo kuliko hiyo. Yangu sijaweza kuifuta.

Siku niliyomuaga kwenda kusomea sheria, Bibi alikuwa akichambua maharage kwa ule mkono wa vidole vitatu.

"Ulimwona, sivyo?"

"Nilimwona, Bibi. Alikuwa kifutu."

Hakunikemea kwa kumtaja. "Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekufunga mdomo."

Nilitafuta hoja ya kumkatalia, basi likapiga honi, nikaondoka. Nilipoipata, alikuwa ameshazikwa. Hoja yenyewe ni hii: alinikataza kumwita nyoka; hakunikataza kumjibu tabibu.

Umesikia upande wake na wangu. Mimi ni mhusika, siwezi kuwa hakimu. Wewe unayesikiliza, pima mwenyewe: kosa lilikuwa la nani?