Firigisi ya Bamwana

Mi kazi yangu ni kuosha bido. Wengine wanaita dumu, wengine jerikeni. Kwetu Gitega ni bido, ile ya njano inayokuja na mafuta ya kupikia, mafuta yakiisha ndiyo inaanza maisha yake ya kweli. Nazinunua zikinuka, naziuza hazinuki. Mtu wa asali anachukua, mtu wa mawese anachukua, walimu wa kule Mushasha wanachukua za maji ya kunywa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunirudishia bido akasema ina harufu. Hilo nalisema bila haya. Marehemu mama alikuwa hivyo na mimi niko hivyo.

Kuosha kwenyewe si sabuni. Sabuni inadanganya pua tu. Unatia kokoto ndogo zenye makali, unatia mchanga kiasi, maji ya moto kidogo, unafunga kizibo, halafu unatikisa mpaka mabega yalalamike. Kokoto zinakwangua ndani. Unamwaga, unatia nyingine, unatikisa tena, mpaka ukichungulia unaona ukuta wa ndani umekwaruzika wote na umepauka. Hapo imetakata. Zile kuukuu zilizokaa juani miaka, ambazo ukizibonyeza zinamomonyoka, nazikata mdomo zinakuwa ndoo. Mchanga na makombo yote nilikuwa namwaga pale pale uani, na kuku wangu wakisikia tu mlio wa kokoto wanakuja mbio kuparua na kudonoa. Jirani zangu wa mtaa wetu wa Yoba walinitania kwamba kuku wangu wameajiriwa. Mi nilifurahi. Kuku anahitaji vijiwe vya kusagia chakula tumboni, nani asiyejua?

Sasa kuna binti yangu. Nilimuoza Muyinga, kwa Waislamu wenzetu, watu wa kuuza vitenge, watu wa heshima. Siku ya kumpeleka nilimfungia bido nilizoosha kwa mikono yangu, na nilipokwenda kumtazama baada ya kujifungua nikazikuta zimepangwa jikoni kwao, zimejaa maji, kila moja na kikombe chake juu. Nilirudi Gitega kichwa juu.

Lakini binti yangu alichukua hasira zangu, si za baba yake, Mungu amrehemu. Mwaka jana mumewe alimfokea mbele ya wageni kwa sababu ya wali ulioshika chini. Na yeye akamjibu mbele ya wageni hao hao. Mume akasema, basi rudi kwenu. Mwanangu hakungoja aambiwe mara ya pili, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda gari, jioni nikamwona mlangoni kwangu na uso wa kunikataza nisiulize. Sikuuliza. Niliuliza kesho yake.

Zikapita wiki. Mume alipiga simu, binti hakupokea. Baadaye akawa anaitazama simu hata isipolia, na mi nikajua anataka kurudi ila hawezi kurudi kama mbuzi aliyepotea. Lazima aje mkubwa wa kule kumchukua. Ndiyo desturi. Mkubwa huyo ni baba mkwe wake, ambaye mi namwita bamwana na yeye ananiita bamwana, kwa kuwa tumechanganya watoto. Mwisho akatuma salamu kwamba anakuja. Wiki hizo essence, petroli, ilikuwa imeadimika, magari yalikuwa yamelala kwenye foleni, kwa hiyo nilielewa kwamba mzee akija mara hii akarudi mikono mitupu, hatakuja tena. Binti yangu alielewa pia. Alifagia ua mpaka nikamwambia aache, atachimba kisima.

Mgeni wa namna hiyo anachinjiwa kuku, na kwenye bakuli lake lazima iwemo firigisi. Si swali la ladha. Aliyekuja kuomba mwanamke anapewa firigisi, akiiona anajua amekubaliwa kabla hajafungua mdomo. Asipoiona, anajua amefika kwa watu wasiomtaka, anakula kidogo kwa adabu, anaaga. Nimeona posa ikivunjika hivyo, na hakuna aliyesema neno.

Kaka yangu, fundi cherehani, ndiye alichinja, kwa kuwa ndiye mwanamume wa kumpokea mgeni. Jirani yangu alikuja kunisaidia kupika. Huyu ni Mkristo, mkulima, ana shamba Nyarusange, alikulia Tanzania kambini kwa wakimbizi na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Nikapasua firigisi ili nitoe ngozi ya ndani, ndani nikakuta punje za njano. Nyingi, zimechanganyika na vijiwe.

"Mahindi," nikasema.

Jirani akachukua moja akaibonyeza kwa ukucha. Haikuvunjika. Akanipa, nikaitia menoni. Ikabonyea ikarudi kama ufizi, haikuvunjika.

"Mahindi hayafanyi hivi, mama," akasema. "Hii ni plastiki."

"Plastiki imetoka wapi tumboni mwa kuku?"

Aliangalia tu uani, kule kwenye lundo langu la mchanga, na mi nikaangalia alikoangalia. Ukweli ni kwamba hata hapo sikuelewa. Niliona mchanga. Ilibidi niende niuchote, niutandaze kiganjani, niusogeze kwenye jua, ndipo nikaona njano. Makombo madogo, na mengine madogo zaidi, na mengine ambayo siwezi kuapa kama niliyaona au macho yalinichezea. Nilikuwa nimekanyaga uchafu huo maisha yangu yote nikiuita mchanga.

Nikamwambia kaka achinje wa pili. Akanuna, akasema nimeanza wazimu, akachinja. Wa pili alikuwa na njano nyingi kuliko wa kwanza. Nikamuuliza jirani, kuku zako je? Tuazime mmoja.

"Kuku wangu wanakula kwako," akasema. "Mimi nilikuwa nashukuru."

Basi tukasimama wote jikoni tukizitazama hizo firigisi kwenye sahani. Kaka akasema, ngozi ya ndani inatolewa, punje zinatupwa, nyama inaoshwa, nyama inabaki nyama. Pika. Na neno lake lilikuwa na akili, siwezi kusema halikuwa nayo. Lakini jirani, huku akipepeta mchele, akasema alisikia redioni kwamba plastiki haiozi. Inakuwa ndogo, halafu ndogo tena, mpaka isionekane, na hapo ndipo inapita. Wameikuta kwenye samaki, kwenye maji, hata kwenye damu ya watu.

"Kama haionekani, nani aliiona?" nikamuuliza.

"Walisema wana mashine."

"Na ikishaingia kwenye damu inafanya nini?"

Akatulia na ungo. "Hapo sijui, mama. Nafikiri walisema hata wao bado wanatafuta. Mimi nilikuwa nasikiliza huku namwogesha mtoto."

Nilikasirika. Unamwambia mtu jambo kama hilo nusu, halafu unaendelea kupepeta. Angesema ni sumu, ningetupa. Angesema haidhuru, ningepika. Sasa nifanye nini na kitu ambacho pengine ni kibaya, kwa namna ambayo pengine itajulikana? Nilisema moyoni kwamba mama aliosha bido hivi hivi akazeeka. Kisha nikakumbuka mama alipokuwa mdogo maji yalikuwa kwenye mtungi, na nikakumbuka ugonjwa wa tumbo uliomuua, nikajifokea mwenyewe, maana tumbo lile daktari alilipa jina na jina halikuwa bido. Akili yangu ilikuwa inakwenda huku na kurudi, haikai.

Na wakati huo huo maji ya wali yanachemka, na binti yangu amekwisha kuvaa.

Nilichoogopa zaidi ni hiki: mzee aipate firigisi, atafune, punje moja iliyojificha imwingie kwenye jino. Atasema tumemwekea kitu. Firigisi isipokuwepo ni dharau, lakini firigisi yenye kitu ndani ni jambo la kuitana kwa imamu. Nikapeleka bakuli bila firigisi.

Bamwana alikuwa amefika baada ya sala ya adhuhuri, amechoka, vumbi la njia ya Karuzi lote liko kwenye kanzu. Tulisalimiana sana, tukaulizana habari za wagonjwa na wazima. Kaka akamnawisha. Nikasimama karibu na mlango. Mzee akatia kijiko kwenye bakuli, akasogeza paja, akasogeza shingo, akageuza mchuzi taratibu. Akatafuta tena upande wa pili. Kisha akaweka kijiko chini.

"Bamwana," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo iliyoniumiza. "Mi nimetoka Muyinga na essence ya kuombaomba. Kama hamtaki kuturudishia mtoto wetu, si mngesema kwa simu?"

Nyuma ya pazia nikasikia binti yangu amevuta pumzi na hakuitoa.

Hapo sikufikiri. Nilikwenda jikoni, nikachukua ile sahani na firigisi zake mbichi na punje zake, nikaiweka mezani mbele ya mgeni wa heshima, mbele ya wali. Kaka alikohoa kama mtu aliyekabwa.

"Firigisi iko hii, bamwana. Hatujakunyima. Ila mi sijui kama iko ya kulisha mtu."

Akavaa miwani. Akaokota punje, akaiviringisha kati ya vidole, akainusa. Mtu wa vitenge, anajua vitu kwa vidole.

"Ni nini?"

"Ni bido."

"Kuku alikula bido?"

"Kuku alikula uchafu wa kuosha bido. Kokoto zinakwangua, zinatoka na hii."

Niliona anafikiri, na niliona mahali mawazo yake yanapokwenda, nikatamani niyazuie.

"Na zile za kwetu," akasema, "zile ulimpa mtoto akija, na zenyewe uliosha hivi?"

"Hivi hivi."

"Na wake zangu wanaziosha hivi kila Ijumaa. We ndiye uliwafundisha." Akajitazama tumbo, mzee wa watu, akaweka mkono juu ya kanzu pale kitovuni na kuuacha hapo. "Kwa hiyo na sisi?"

"Sisi si kuku," kaka akasema.

"Sijui, bamwana," nikasema. "Wallahi sijui. Jirani alisikia redioni kwamba inaingia mpaka kwenye damu, lakini inafanya nini huko hakusikia."

Akasogeza sahani pembeni taratibu, kwa heshima, kama inavyosogezwa ya mtu aliyeshiba. Akarudi kwenye bakuli, akachukua paja, akasema paja nadhani halina kosa. Alilitafuna polepole sana, akisikiliza meno yake. Na mimi nikaelewa kwamba amekubali kula kwangu.

Mengine yalikwenda upesi. Aliita jina la binti yangu, binti akatoka, akapiga magoti. Mzee akamwambia kwamba mwanawe ndiye aliyekosa, mke hafokewi mbele ya watu kwa sababu ya wali, na yeye kama baba anaomba arudi nyumbani. Binti yangu aliinama akisema ndiyo baba, na alipoinua uso niliona wiki zile zote zimemtoka usoni. Nilikuwa nimeomba hilo katika kila sala. Nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Gari likawashwa mapema kwa sababu dereva aliogopa foleni. Vitu vikapakiwa. Mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kuunga maneno, alikuwa amesimama uani kwenye jua, amevaa viatu kinyume.

"Bibi, maji," akasema.

Nikaingia ndani kabla sijafikiri. Nikainamisha bido ya maji ya kunywa, nikajaza kikombe, nikatoka. Njiani hapo, kati ya mlango na mtoto, jua likaingia kwenye kikombe nami nikatazama. Kulikuwa na vitu vinang'aa. Au lilikuwa jua tu. Nilisimama.

Nilipoinua macho niliona wote wananitazama. Bamwana, mkono kwenye mlango wa gari. Kaka. Jirani na ungo wake. Binti yangu ndiye nilimtazama zaidi, maana mtoto ni wake, nikimngojea aseme lete au aseme acha. Akamtazama baba mkwe wake. Baba mkwe akanitazama mimi. Ndani mle maji yote yalikuwa kwenye bido, kwa jirani pia yalikuwa kwenye bido, hata ya safari yalikuwa yamefungwa nyuma ya gari kwenye bido ndogo niliyoitikisa mwenyewe asubuhi ile. Na Muyinga ni mbali, na jua lilikuwa kali, na mtoto ana kiu.

Mtoto akachoka kungoja. Akainua mikono miwili akakichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa bila kupumua, maji mengine yakimtiririka kidevuni, mpaka kikaisha. Akanirudishia.

"Ingine, bibi."