Anwani Aliyoijua Keji

Bandari ya Juba ilinuka dizeli, samaki wakavu na magunia ya mtama yaliyolowa maji, na mpaka leo harufu hiyo ikinifikia hugeuka nyuma kabla sijakumbuka kwa nini. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa tumerudi kutoka Kitale miezi michache tu, mimi, mama na mdogo wangu Keji, tukapanga chumba mtaa wa Hai Jalaba, nyuma ya duka la nguo. Keji alikuwa na miaka minane na alikuwa na usonji. Neno hilo tulilipata kwa mwalimu wake huko Kenya. Juba majirani walikuwa na maneno yao, na sitayarudia hapa. Alipenda maji kuliko chakula. Kila alasiri ilibidi nimpeleke bandarini akatazame mto ukipiga ubavu wa matishari, naye alisimama pale akipiga makofi taratibu, mimi nimemshika mkono mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Wasichana wa rika langu walikuwa wakiruka kamba hatua chache tu kutoka pale. Nilimpenda Keji, lakini haki ya Mungu, nilichoka.

Mama hakuwa mzembe. Watu wakisikia habari hii hudhani alikuwa mzembe, nami hukasirika. Tangu Kitale Keji alikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, kwa hiyo mwalimu akamshauri mama amfundishe maneno machache ya kusema akipotea, yawe yaleyale kila siku. Ilichukua karibu miaka miwili. Asubuhi akipiga mswaki, jioni akioga: “Naitwa Keji. Nakaa Kitale, nyuma ya kanisa la mabati mekundu. Nipeleke nyumbani.” Siku alipoyasema yote bila kusaidiwa, mama alichinja kuku. Tuliporudi Juba tulibeba masufuria, magodoro na cherehani, na Keji akaja na maneno yake. Niliwahi kumuuliza mama kama hatuyabadilishi. “Tutulie kwanza, Poni,” alinijibu, huku akishona sare za watu. Basi tukawa tunangoja kutulia.

Siku yenyewe nilimwambia mama kwamba nilimwachia Keji mkono ili nifunge kiatu. Sikuwa nikifunga kiatu. Niliomba zamu moja tu ya kuruka kamba, na nilipogeuka, Keji hayupo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wapakuzi wa matishari waliacha magunia wakaanza kuchokoa maji kwa miti mirefu. Mama alifika mbio, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, akaingia mtoni mpaka kiunoni akipapasa kwa mikono chini ya maji huku akiliita jina lake. Sote tulimtafuta mtoni kwa sababu sote tulijua anavyopenda maji. Hakuna aliyetazama barabarani.

Yaliyotokea huko tuliyajua baadaye. Keji alikuwa amelifuata lori la kuuza maji, lile linalodondosha matone nyuma, mpaka sokoni. Watu wakamzunguka wakimuuliza kwa Kiarabu cha Juba, “Ismu ita munu?” Jina lako nani. Akawajibu kwa Kiswahili, sawasawa kama alivyofundishwa. Wakamwita muuza vipuri mmoja aliyekulia Uganda, naye akasikiliza mara mbili. “Huyu mtoto iko na kwao Kenya,” akawaambia. “Wazazi yake iko tafuta yeye huko. Mimi napeleka yeye kwa basi.” Akamnunulia mkate, akamfikisha kwenye mabasi ya mpakani, akamkabidhi kwa kondakta. Nimejaribu kumchukia mtu yule nikashindwa. Injini ilikuwa inanguruma tayari, Keji amekaa dirishani anatafuna mkate, ndipo akapanda Mama Lado, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja.

“We Keji! Mama yako yuko wapi?”

“Naitwa Keji. Nakaa Kitale...”

“Kitale gani tena! Dereva, zima gari! Huyu anakaa Hai Jalaba!”

Jua lilikuwa linazama walipotukuta bado kando ya mto. Mama alimpapasa Keji kichwani, mabegani, miguuni, kisha akaketi kwenye tope na gauni lake lililolowa. Nilingoja kofi langu. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, “Amefanya nilivyomfundisha. Kila neno.” Nilitamani anipige. Kesho yake asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwa Keji, mama alianza upya, na safari hii hakutaja mji wala kanisa. Nyumba tutahama tena, alisema, ila laini ya simu habadilishi. “Naitwa Keji. Mpigie mama,” halafu namba, tarakimu moja moja. Ilichukua mwaka mzima na zaidi.

Siku hizi wazazi wa watoto kama Keji wana kundi lao la WhatsApp, na mtoto akitoweka picha yake husambaa kabla hajafika mbali. Tungekuwa na kitu kama hicho wakati ule, mama asingeingia mtoni. Keji amekuwa mwanamke mzima, na kadi ya shingoni niliyomtengenezea huivua kwa sababu kamba inamwasha. Mama alifariki mwaka juzi. Laini yake naitunza kwenye simu yangu, karibu na yangu, kwa sababu nimemfundisha Keji namba yangu miezi na miezi, ananisikiliza vizuri kabisa, kisha anataja ya mama. Zamani niliogopa maji. Sasa naogopa kuugua, kusafiri, kuishiwa chaji. Wiki iliyopita ile laini iliita nikiwa kazini. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, anapiga kutoka mtaa wa Mangateen. “Kuna dada hapa amekaa kwenye kibanda changu,” alisema, “anasema nimpigie mama yake. Wewe ndiye mama?”

Nilimwambia ndiyo, ni mimi, nakuja.