Nilichukua Msiba wa Atija Nikauita Wangu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Hakuna aliyenilazimisha. Nimejiingiza mwenyewe mahali ambapo sasa sijui nitokee wapi.

Mimi ni Mmakonde wa Mtwara, naishi Edmonton, mtaa wa London, kazi yangu kutunza wazee. Kireno nilikiokota Msumbiji, nilikokuwa nikifuata biashara ya vitenge. Chumba cha pili anakaa Atija, Mmakonde mwenzangu wa ng'ambo ya Ruvuma. Tukiongea, mgeni hawezi kujua nani wa upande gani.

Mwaka jana alikuja mama mmoja Mreno kwenye ukumbi wa mtaa wetu, anatafuta wanawake wa Msumbiji wa kuigiza filamu yake ya Kireno. Filamu ndogo tu, anaitengeneza mwenyewe na marafiki zake. Atija alikuwa kazini. Mimi huyo, nikajitia Mmsumbiji!

Akaniomba nimsimulie jambo la kweli lililonipata. Langu la kumliza mtu sikuwa nalo, nikampa la Atija. Mama yake alipofariki, karatasi za Atija zilikuwa bado uhamiaji, hakuweza kusafiri. Akasikiliza mazishi kwa simu, amejifungia chooni kazini, kanga mdomoni asisikike akilia. Alinieleza hayo siku moja ananisuka, akaniomba yaishie pale pale.

Yule mama alilia, akanipa nafasi ya mbele. Kile choo ndicho kikawa filamu yenyewe.

Nikajipa moyo, filamu ya Kireno London hii, nani ataiona? Thubutu! Ikachukua tuzo ya tamasha. Atija nilikuwa nimemwambia ni hadithi ya mapenzi, akaja kunishangilia, akakaa safu ya mbele na kitenge chake kipya. Taa zilipowaka, ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi isipokuwa yeye.

Mimi na yule mama Mreno tukaitwa jukwaani. Mtu akauliza, mama yangu aliitwa nani? Jina la mama yake Atija sikuwahi hata kuliuliza, jamani! Na mwenyewe ananitazama. Nikataja la kwanza lililonijia, Somoe. Hilo ni jina la mama yangu mzazi, na mama yangu yu hai Mtwara.

Atija hakunigombeza. Ndani ya basi aliniambia tu, "Dada, ungeniomba."

Tangu siku hiyo hanisuki, na jiko letu ni moja. Na mialiko haiishi! Kila tamasha wananitaka nikasimulie tena yaliyonikuta. Nikisema kweli namwaibisha yule mama Mreno aliyeniamini, basi naenda, nasimama, nalia machozi yasiyo yangu. Nikirudi namkuta Atija anaosha sufuria, nashindwa hata kuomba chumvi.

Ukiambiwa siri ya msiba na mwenzako, ifunge moyoni, hata ukiahidiwa tuzo ya dhahabu. Mwenzenu nilidhani naazima jambo la mtu mmoja tu. Video ya yale maswali ya jukwaani imefika Mtwara, na wanaojua Kireno kule si haba. Juzi mama alipiga simu. Hakufoka, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Mwanangu, nimekukosea nini mpaka ukanizika ningali hai?"

Msingoje mama zenu wawaulize hivyo.