Maandishi ya Siku Tatu

Jani bichi la mgomba, ukilichora kwa mwiba, hutoa harufu kali ya majimaji, na mstari uliouchora hauonekani kwanza. Unasubiri. Kisha herufi zinatoka polepole, rangi ya kahawia, halafu karibu nyeusi, kama zilikuwa zimelala ndani ya jani na wewe umeziamsha. Nina diploma ya ualimu. Niliisomea Goma kwa kufua nguo za watu na kuuza maandazi kabla ya masomo, na hakuna mjomba aliyenilipia hata kalamu. Nimerudi nayo hapa Kashuga, Masisi, kwenye vilima nilivyozaliwa, na sioni sababu ya kulisema jambo hilo kwa sauti ndogo. Lakini kusoma kwenyewe sikukupata Goma. Nilikupata kwenye jani la mgomba, mwaka niliokuwa na miaka minane, na atakayelicheka jani hilo ananicheka mimi.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanguka mtihani wa mwaka wa kwanza, na nilianguka kwa namna ya ajabu, kwa sababu nilikuwa hodari kuliko wote. Shule yetu ilikuwa na kitabu kimoja cha kusomea, na kilikaa kwa direkta, mkuu wa shule. Kila Jumatatu alinakili ukurasa ubaoni, na kila asubuhi akapitisha fimbo juu ya silabi, nasi tukaziimba kwa sauti moja mpaka mabati yakatetemeka. Nilijua ukurasa wa ng'ombe, ukurasa wa jembe na ukurasa wa mama anayetwanga, zote kwa moyo. Baba yangu alikuwa akipita na mzigo wake wa viazi, anasimama dirishani kunisikiliza. Siku ya mtihani direkta alinifungulia kitabu, picha ameifunika kwa kiganja. Nikaweka kidole na kuimba ukurasa wa ng'ombe bila kukosa neno. Alipoondoa kiganja, palikuwa na jembe. Wenzangu walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye benchi. "Huyu mutoto hasome," direkta alimwambia baba. "Anaimba tu." Kwamba ni yeye aliyetufundisha kuimba, hakulisema. Jioni baba aliniita. "Utarudia mara moja tu," alisema. "Ukianguka tena, hiyo njo mwisho ya masomo. Utaenda mu shamba na mama yako." Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Mwaka huo ndipo Mwalimu Sifa alipofika. Alikuwa amekimbia vita huko Pinga, akatembea siku nyingi na watoto wawili na kikapu, akafikia kwenye kambi ya wakimbizi kama wengine. Walimpa darasa la mwaka wa kwanza kwa sababu hakuna mwalimu aliyelitaka, na hawakumpa chaki kwa sababu chaki zilikuwa za mwaka wa sita. Asubuhi ya kwanza alitoka, akaenda kwenye migomba nyuma ya darasa, akakata jani, akatuuliza: "Nani iko na neno ya kusema?" Mimi nilikuwa nalo. Ng'ombe wa jirani yetu mfugaji, Papa Bahati, alikuwa ameingia shambani kwetu, na Papa Bahati alikuwa akikana. Nikasema: "Ngombe ya Papa Bahati ilikula maharagi yetu." Mwalimu Sifa aliichora sentensi vile nilivyoitamka, na nilipoona hasira yangu inatokea kwenye jani, rangi ya kahawia, mwili wote ulinisisimka. Kisha akachukua kisu, akalikata jani neno kwa neno, akavichanganya vipande mapajani mwake na kunipa. "Panga." Nilipanga vibaya. Ilitokea kwamba maharage yalimla Papa Bahati, na darasa zima likafurahi. Nikapanga tena. Alipomaliza na maneno, alikata silabi, na kwa silabi za ng'ombe yule tukatengeneza maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyasema.

Siri ya jani niliielewa baadaye. Ubao wa direkta ulikaa na ukurasa mmoja hata juma zima, kwa hiyo uliingia kinywani bila kupita machoni. Jani halikai. Siku ya tatu limejikunja na kupasuka, na kesho kuna sentensi nyingine ya mtoto mwingine. Hukupata muda wa kulikariri. Ulilazimika kusoma. Direkta alituita darasa ya mbuzi. Watoto wa mwaka wa sita walitulilia "Meee!" tukipita, na siku mbuzi wa kweli alipokula somo letu, walicheka juma zima. Mwalimu Sifa alikata jani lingine.

Siku ya proklamasio, matokeo yanaposomwa kwa sauti mbele ya wazazi wote, direkta alifika kwenye jina langu akashusha karatasi. "Huyu njo ule muimbaji," alisema. "Tumupime hapa." Akamwita Papa Bahati kutoka kwenye umati, amnong'oneze sentensi yoyote. Papa Bahati alinong'ona, direkta akaandika ubaoni, na uwanja wote ukanitazama. Baba alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilisoma polepole, kipande kwa kipande: "Ngombe yangu haikukula maharagi ya muntu." Watu wakaangua kicheko, na hapo nikajua nimesoma sawasawa. Nikamgeukia Papa Bahati nikamwambia: "Bongo! Unadanganya! Ilikula!" Yeye mwenyewe alicheka hadi akafuta macho. "Mumupitishe huyu," alisema, "kabla hajaandika mengine." Baba alivaa kofia yake.

Leo darasa la mwaka wa kwanza ni langu, na watoto wa kambini wanakaa pamoja na wa vijijini. Chaki ninazo. Juzi alikuja mkaguzi akakuta majani ukutani. "Mwalimu wa diploma anafundisha na majani?" aliuliza, akaniamuru niyatoe, watoto waimbe silabi za chati aliyoileta. Nilimwambia hapana. Alisema ataandika ripoti. Nikampa jani na mwiba: "Papa, andika kwanza hapa. Chochote. Usiseme kitu." Aliandika kwa kejeli, tukasubiri herufi zitoke. Nikamwita Neema, msichana mdogo wa kambini aliyefika mwaka huu hajui hata a. Alilishika jani karibu na uso, midomo ikicheza, kisha akasoma: "Majani si kitabu." Akamtazama mkaguzi bila woga wowote.

"Lakini nimesoma," akasema.

Ripoti aliiandika, sijui ina nini, na sijauliza. Chati yake iko salama kabatini. Jani lake leo limeshakauka na kupasuka, kama inavyopasa, na kesho asubuhi, kabla kengele haijalia, nitakwenda na kisu nyuma ya darasa.