Kopo la Mama Neema

Mkosaji ni mimi, na sitaki mtu anitetee. Jina langu naliweka kando kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili huku Marekani tunajuana wote, kuanzia Lanham mpaka Annandale, na habari ikitoka kwako asubuhi, jioni ishafika msibani na harusini.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi, arobaini au ubatizo, unanipigia simu, nakukaangia sambusa na bagia. Tulipohamia huku mashambani, mji mdogo mbele kabisa ya Germantown, nilichofurahia ni jiko kubwa.

Mji huu una mtambo wake wa kusafisha maji taka, mdogo tu, nyuma ya shamba la mahindi. Kwenye kikao cha wakazi fundi wake alitueleza vizuri kabisa: mafuta ya kupikia msimwage kwenye sinki, yanaganda kwenye mabomba, na mtambo wetu hauna nguvu. Nikajisemea, watu wa huku hawajui kuosha vyombo. Mimi nilikuwa na dawa yangu: unamwaga mafuta, unafuatishia maji ya moto na sabuni nyingi. Sinki linang'aa. Kumbe yalikuwa yanakwenda kugandia kwa jirani.

Jirani mwenyewe ni Mama Neema, mjane kutoka Bukavu, Kongo, nyumba yake iko chini kidogo ya yangu. Ndiye aliyetupokea siku tunahamia, akatuletea sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, hata jina langu hajalijua. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Vitenge ambavyo Mama Neema aliachiwa na marehemu mama yake, vya kumpa Neema siku ya kumuaga, alivihifadhi kwenye sanduku besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba.

Jumapili moja, nimetoka tu kukaanga vya harusi ya watu na mafuta nimeshamwaga, nasikia ananiita kwa kelele. Nikakimbia. Maji ya vyoo vya mtaa mzima yalikuwa yanapanda kwenye tundu la sakafu ya besimenti yake. Sanduku linaelea. Tulivitoa vitenge kimoja kimoja vinanuka, na watu wa usafi wakasema vyote ni vya kutupa. Mama Neema alikaa kwenye ngazi analia bila sauti. Nikamshika mkono, na wangu bado unanukia sambusa.

Fundi alipofungua bomba la mtaa akakuta bonge la mafuta. Akauliza ni nani hapa anakaanga sana. Kabla sijasema kitu, Mama Neema akajibu: "Ni mimi. Kila siku ninakaanga samaki."

Nikanyamaza. Ee Mungu wangu, nilinyamaza.

"Ma soeur, dada yangu, ni mimi mwenyewe nimemuharibia mutoto wangu," aliniambia kesho yake. Nikamwambia pole. Najua kabisa kikaango chake kimoja kisingeziba hata mrija.

Tangu hapo hakaangi tena, anachemsha. Neema aliagwa kwa vitenge vya dukani, na chakula nilipika mimi, mama mwenyewe alinibembeleza. Nilitaka kumwambia palepale jikoni, nikaona nitamharibia siku. Nikasema baada ya harusi. Sasa nikikaa naye mdomo unafunguka, yanatoka maneno ya baridi na theluji. Sijui nianzie wapi, na kila siku inayopita inazidi kunifunga.

Wenzangu mnaopikia shughuli, mafuta yaacheni yapoe, yatieni kwenye kopo, yakiganda yatupeni kwenye taka. Na ukishakosea sema hapohapo, kabla mwenzio hajakubebea kosa lako.

Mimi kopo ninalo. Ni la kahawa, kaniletea Mama Neema, kalisugua likatakata. "Utie mafuta humu, dada," akasema, "yasikufikie kama mimi." Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.